Mtani Hanuniwi

Niseme mapema tusipotezeane muda: mimi nina wivu. Ninao, na siuonei haya. Wanawake wengine hapa Haneti hujidai, "Aa, mimi mume wangu simfuatilii," kumbe simu ya mwanamume wanailalia. Mimi Loisi sijidai. Silvano ni wangu, tulifunga ndoa kanisani watu wakaona, na mtu akianza kumzungukia roho inaniuma na mikono inaniwasha.

Sasa sikilizeni yaliyonipata na haya mazungumzo ya maktaba.

Maktaba yetu ni ndogo. Ni lile jengo lililokuwa ghala la ushirika, wakapaka rangi, wakaweka rafu na viti vya plastiki. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, anakuja mtu kuzungumza. Bure kabisa, na maji ya kunywa unapewa. Mara historia, mara lugha, mara mila, mara mtu anasimama kuuliza tu eti haki ni nini. Bwana Damas, mkutubi, ndiye aliyeyaanzisha. Mwanzoni walikwenda walimu, wanafunzi wa sekondari, na wazee wachache waliokimbia jua. Silvano wangu hakuwemo. Silvano ana mashine ya kukamua alizeti, Jumamosi kwake ni kazi, mafuta mpaka kwenye kola.

Halafu Erica akahamia.

Erica ni binamu yake Silvano, mtoto wa shangazi yake. Alikuwa anafundisha historia Mpwapwa, akahamishiwa sekondari ya hapa. Mume hana, waliachana zamani. Hajamaliza hata kufungua mizigo, Bwana Damas akampa kazi ya kuendesha yale mazungumzo: kumkaribisha mgeni, kugawa maswali, kufunga. Na mara, jamani, mume wangu akaanza kuoga Jumamosi mchana! Anaoga, anapaka mafuta, anavaa shati nililolipigia pasi kwa ajili ya kanisani. Nikamuuliza, "Kuna harusi?" Akajibu, "Nakwenda maktaba," kwa sauti ya kawaida kabisa, na huyo akaondoka.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana asiye wa kwetu atashangaa kwa nini sikumvaa Erica siku ileile. Kwetu sisi Wagogo, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na utani wao si wa kuombeana ruhusa. Anaweza kukutukana mbele za watu, akakunyang'anya kofia, akakuita mume wake, akamwita mkeo mke mwenza. Wazee wengine wanasema zamani hata kuoana walioana. Na wewe mke hutakiwi kukasirika. Unacheka, unarudisha tusi kubwa zaidi, maisha yanaendelea. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Watakutoza kuku na kukucheka mpaka wachoke. Mtani hanuniwi.

Cha kuogopwa kwa watani si matusi, ni heshima. Watani wawili wakianza kuitana kaka na dada na kuangalia chini, watu huanza kuulizana kulikoni, maana hapo kuna kitu kimeharibika.

Kwa hiyo Erica alikuwa na kibali. Nina chumba cha kushonea karibu na stendi, naye akipita ananisalimia kwa Kigogo kutoka barabarani, kwa kelele, "Mbukwenyi! Mke mwenza, mume wetu amekula?" Wateja wanaangua kicheko. Nami nifanyeje? Nacheka. "Amekula! Amekuachia ukoko, njoo ukwangue sufuria!" Wanacheka zaidi. Moyoni nasema, huo ulimi ungekatika.

Ingekuwa utani tu, ningevumilia. Lakini kulikuwa na simu. Watu wa maktaba wana kundi lao la wasapu, na Silvano, ambaye ujumbe wangu wa "njoo na chumvi" anaujibu nikiwa nimeshainunua mwenyewe, huko alikuwa anaandika habari ndefu. Anaandika, anafuta, anaandika tena, anatabasamu peke yake. Nikimuuliza kuna nini, ananiambia mambo ya maktaba. Siku moja alipokwenda kuoga nikachungulia. Alikuwa amemwandikia Erica, yeye peke yake, si kundi zima. Na ameandika nini? Nyumba za tembe! Namna miti inavyolazwa, namna udongo unavyopandishwa juu ya paa, nani anapanda, nani anabaki chini. Nikasoma, nikarudia, nikitafuta dhambi, nikaikosa. Mwe! Bora ningeikuta. Dhambi ningejua la kuifanya.

Mwezi wa saba ukafika, na ikatangazwa kwamba mazungumzo yatakuwa juu ya utani. Atakuja Daktari Gideoni kutoka chuo kikuu huko Dodoma mjini. Wiki hiyo Erica akaniletea kitenge. "Mke mwenza, nishonee kitu kitakachomtoa mume wetu macho."

Nikampima. Kifua, kiuno, nyonga, vyote nimevishika kwa mikono yangu, na naapa mwanamke wa umri ule hana haki ya kuwa na kiuno kile. Mimi nimezaa, yeye hajazaa, sababu ni hiyo tu. Shetani akaniambia, libane kwapani ashindwe kupumua. Nikashika mkasi kabisa. Halafu nikafikiri, watu wakimwona na gauni baya watauliza nani kashona. Jina langu liharibike kwa ajili yake? Thubutu! Nikalishona, na siku ya kulijaribu likamkaa vizuri mpaka nikajichukia.

Jirani yangu Mwanaidi, Mrangi wa Kondoa anayeuza vitenge chumba cha pili, alikuwa anaangalia yote. Erica alipotoka akasogea. "Mwenzangu, huu utani wenu mimi siuelewi. Kwetu mwanamke akimwita mume wangu mume wake, anakuwa ametafuta ugomvi."

"Ndiyo mila," nikamwambia.

"Na wewe unaamini ni mila?"

Nikajifanya natafuta sindano.

"Basi si uende ukaone kwa macho yako? Si bure?"

Kweli. Bure. Jumamosi ikafika, nikafunga chumba, nikajitanda khanga, nikaenda.

Watu walikuwa wamejaa mpaka dirishani. Silvano yuko mbele kabisa, na kwenye kiti cha pembeni ameweka kofia yake. Nikaichukua kofia, nikampakatisha, nikakaa. Akashtuka. "Umefunga kazi?"

"Nimefunga."

"Hapo ni pa Erica," akasema kwa sauti ya chini.

"Erica ana miguu. Atasimama."

Erica akaniona, akapungia mkono, akaendelea na shughuli zake. Daktari Gideoni, mtu mzima mwenye mvi na sauti ya taratibu, akaanza. Sikatai, alizungumza vizuri. Alisema jadi iliwaangalia watu ambao wangeweza kugombana, au kutamaniana, ikawapa ruhusa ya kuchezeana hadharani ili kila mtu aone. Akasema linalosemwa mbele ya kadamnasi halina haja ya kujificha. Nikamtupia jicho Silvano. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, macho yote kwa mzungumzaji. Mimi nimekaa naye kanisani mahubiri mangapi, sijawahi kumwona amesikiliza hivyo.

Kisha daktari akaomba mifano. Erica, ndani ya gauni langu, akachukua kipaza sauti. "Mfano uko hapa mbele. Huyu Silvano ni mume wangu tangu tunachunga mbuzi. Ila leo naona amekuja na dada wa kazi." Akaninyooshea kidole.

Ukumbi ukapasuka. Watu wakapigana mabega. Na Silvano akacheka! Alicheka kwa furaha kabisa, kichwa nyuma, meno yote nje, cheko ambalo nyumbani kwangu lilikuwa limeshahama. Hapo ndipo niliposimama. Nikaenda, nikakichukua kipaza sauti mkononi mwa Erica.

"Daktari, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Mimi ni Loisi, mke wa Silvano. Nina swali. Huyu Erica anamtaka mume wangu. Simtanii. Anamtaka, na mume wangu naye anamtaka, na nyinyi wote mnawachekea kwa sababu mnaita utani. Sasa nijibu: mwanamke anayeibiwa mume huku watu wanapiga makofi, akashtaki wapi?"

Watu wakaangaliana. Halafu nikasikia kigelegele. Kikafuata kingine. Mzee mmoja akarusha fimbo yake juu akaidaka, watu wakapiga miguu chini, na Daktari Gideoni akavua miwani akafuta machozi ya kucheka. "Mnaona, ndugu zangu! Mnaona! Mama huyu amenimalizia mada yangu! Hivi ndivyo mtani anavyorudisha pigo!"

"Sirudishi pigo!" nikapiga kelele. "Nasema kweli!"

Wakacheka zaidi. Kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyonishangilia. Nilikuwa nalia, machozi ya kweli yananidondoka mpaka shingoni, na mama mmoja wa kwaya ananipigapiga mgongoni, "Unajua, Mama, unajua! Ungekuwa kwenye maigizo!" Kwetu mke hakasirikii mtani, basi hata hasira yangu hawakuiona. Nimewaambia waziwazi mbele ya ukumbi mzima, na hakuna aliyesikia.

Nikarudisha kipaza sauti, na macho yote yakamgeukia Erica. Zamu ilikuwa yake. Watu walisogea mbele ya viti kusubiri tusi, tena walitaka kubwa, maana yule ana mdomo.

Erica akasimama pale. Akaniangalia mimi, hakumwangalia Silvano hata kidogo.

"Samahani, wifi," akasema taratibu. "Kaka Silvano ni kaka yangu. Sikutaka kukukosea." Na akaangalia chini.

Watu wakaangua kicheko tena, wakidhani naye anaigiza. Bwana Damas alipiga makofi mpaka mikono ikamuuma. Lakini kuna watu watatu hawakucheka ndani ya ukumbi ule. Wifi, jamani. Kaka. Tangu nimeolewa hajawahi kuniita wifi, na Silvano hajawahi kuwa kaka yake hata siku moja. Nikakaa. Silvano alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili, anaangalia sakafu.

"Swali lingine?" Erica akauliza, bado anaangalia chini.

Tulirudi nyumbani tumeongozana. Upepo unapuliza vumbi, na kila tunapopita watu wananipongeza. "Mama, leo umetuua!" "Loisi, mwezi ujao uzungumze wewe!" Mwanamume mmoja wa bodaboda alisimamisha pikipiki kabisa ili anipe mkono. Nikampa. Ningefanyaje?

Tulipoingia uani nikafunga geti, nikamgeukia kabla hajakaa.

"Umelala naye?"

"Hapana."

"Umemgusa?"

"Sijamgusa, Loisi. Mungu ni shahidi."

"Ungependa?"

Neno lenyewe ni fupi. Hapana. Mtoto mdogo analisema. Nikamsubiri alitamke. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, akaweka kofia pembeni.

"Sijui," akasema.

Nilichokishika ni mfuniko wa sufuria, na nilimrushia. Ukampita, ukagonga ukuta, mbwa wa jirani akabweka. "Hujui! Mwanamume mzima hajui! Ana nini yule? Kiuno? Hicho kiuno nimekipima mimi! Kusoma? Ungeoa msomi basi, nani alikukataza? Nani alikuja kwa baba yangu amevaa viatu vya kuazima?"

Akaacha nimalize. Hilo nalo linaniudhi kwake, huwa anaacha umalize.

"Ananiuliza," akasema.

"Anakuuliza nini?"

"Ninaonaje. Mgeni akimaliza kuzungumza, Erica ananigeukia pale mbele za watu, anasema, Silvano, wewe unaonaje? Halafu anasubiri nijibu. Mimi ni mtu wa mashudu na mafuta, Loisi. Nani ameshawahi kunisubiri nijibu?"

"Mimi nakuuliza kila siku! Umekula? Alizeti imekuja? Mtoto amepiga simu?"

"Hayo ni ya nyumba."

"Kwani wewe unaishi wapi, juu ya mti?"

"Siku ya kwanza nimetoka kule, nimefika hapahapa, nikaanza kukusimulia. Ukaniambia nifukuze kuku, wanakula karanga."

"Walikuwa wanakula karanga!"

"Walikuwa wanakula," akakubali. "Nikawafukuza. Nikirudi, wewe umeshaingia ndani."

Sikumbuki. Naapa sikumbuki, na mpaka leo sikubali kwamba kosa ni langu. Karanga zilikuwa za mbegu. Lakini nilimwangalia pale alipokaa, shati la kanisani limeingia vumbi, nikaona jambo ambalo sikulipenda kabisa. Erica angekuwa amemchukua kwa kiuno, ningepigana. Ningemfuata mpaka sekondari, ningemvua lile gauni barabarani. Ila mtu aliyemchukua mumeo kwa kumsikiliza, unamvua nini?

"Haya," nikasema. "Siku ile ulitaka kunisimulia nini?"

Akainua uso. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Au mpaka nikukaribishe kwa kipaza sauti?"

Akaanza. Yalikuwa mazungumzo ya watu kuhamishiwa vijijini, wakati ule Silvano mtoto mdogo. Alisema baba yake alijenga nyumba mpya pale alipoonyeshwa, hakubishana na mtu. Lakini kila kiangazi alikuwa anaondoka peke yake na ufagio, anarudi kule kwenye tembe ya zamani. Paa limeshaanguka, kuta zimekatika, hakuna mtu. Anafagia uwanja wote, taratibu, mpaka kwenye zizi. Akimaliza anakaa kidogo juu ya jiwe, kisha anarudi kijijini. Silvano alikuwa anamfuata kwa nyuma na kujificha kwenye miiba. Baba yake amekufa bila kujua kwamba mwanawe alimwona.

Yule mzee mimi nimemzika. Nimempikia uji alipokuwa hawezi kutafuna, nimemfulia shuka zake, nimemfumba macho kwa kiganja hiki. Na hilo la ufagio sikulijua.

Na alisimulia vizuri, hilo ndilo lililonichoma. Silvano ni mtu wa kukwamakwama, habari ya kwenda sokoni anaianza katikati. Lakini hii ilishuka yenyewe, anajua pa kutua, anajua pa kuvuta pumzi. Mtu hasimulii hivyo mara ya kwanza. Mwenzangu aliyapokea maneno haya yakiwa bado ya moto, mimi napakuliwa kiporo. Nilimchukia Erica wakati ule kuliko siku zote za utani wake.

"Kwa nini alikuwa anafagia?" nikauliza.

"Hata Erica aliniuliza hivyohivyo," akasema, bila ubaya wowote, uso umemchangamka. "Nadhani alikuwa anaona aibu nyumba kuachwa chafu."

Hilo jina nikaliruka. "Na mama yako? Alikuwa anajua anakokwenda?"

"Alijua. Alikuwa anamfungia viazi. Hilo nalo Erica ali..." Akauona uso wangu, akaivuta kofia yake.

Ningeweza kusimama nikaingia ndani. Sufuria lenyewe bado lilikuwa karibu na mkono wangu. Badala yake nilivuta kigoda mpaka magoti yetu yakagusana, nikamwambia asiende popote, nikakaa pale nikitafuta kichwani swali ambalo Erica hajaliuliza.